Mama Alikula Tambi za Nani?

Sipendi tambi. Nianze na hilo, mtu asije akadhani nayakumbuka haya mate yakinidondoka. Sipendi urefu wake, sipendi zinavyoteleza, na sipendi kumwona mtu mzima ameinamia sahani akivuta kitu kwa midomo kama ndama anayenyonya. Lakini kwa miaka kadhaa nilikula tambi pale Kitengela karibu kila Jumamosi, katika hoteli ndogo ya mama mmoja Mwindonesia, na kila mara nilitoka nikiwa na hasira kuliko nilivyoingia.

Hasira yenyewe ilianza kabla chakula hakijafika mezani. Hoteli ile ilikuwa kwenye safu ya maduka ya mabati, nyuma kidogo ya barabara ya Namanga, na safu yote ilisimama juu ya ardhi iliyokuwa yetu. Baba aliiuza miaka ya tisini, wakati pundamilia bado walikuwa wakipita pale asubuhi na hakuna aliyewashangaa. Alinunua pikapu. Pikapu ilikufa kabla sijamaliza shule, ikabaki nyuma ya boma imeoza magurudumu, mbuzi wakipanda juu yake. Kisha akauza kipande kingine, na kingine. Nilipopata kazi na kupanga chumba mjini, kodi yangu ilikwenda kwa mtu aliyenunua kutoka kwa mtu aliyenunua kutoka kwa Baba. Nilikuwa mpangaji kwenye malisho ya ng'ombe wetu. Mtu akiniambia nisikasirike kwa hilo, namwona mjinga.

Nilikuwa opareta wa cherehani katika kiwanda cha nguo upande wa Athi River. Mume wa yule mama alikuwa fundi wa mashine zetu, mwanamume mpole aliyekuja na bisibisi mdomoni cherehani ikigoma. Mkewe alichoka kukaa nyumbani akitazama vumbi, akakodi chumba, akaweka meza za plastiki zenye vitambaa vya nailoni, na ukutani akabandika picha ya mashamba ya mpunga yaliyopanda mlima kama ngazi. Alikuwa mfupi, kitambaa kichwani hakitoki, na Kiswahili chake alikiokota sokoni, kwa hiyo kilitosha kwa nyanya na vitunguu na kwa mambo mengine kilichechemea. Alikaanga tambi kwenye karai kubwa jeusi juu ya moto mkali, akiligonga kwa mwiko wa chuma mpaka msikilizane kwa kupiga kelele. Mi goreng, ndivyo alivyoziita. Kulikuwa na mchuzi mweusi mtamu, pilipili iliyopondwa juu ya jiwe, na kitu fulani cha baharini ambacho harufu yake ilishika nguo mpaka Jumatatu wenzangu kiwandani wakajua nilikokuwa.

Nilikwenda kwa sababu moja tu. Katika hoteli nyingine zote za Kitengela, ukikaa kidogo, mzee fulani atakuuliza wewe ni binti ya nani, kisha atakuhesabia ardhi yenu yote iliyokwenda. Pale hakuna aliyeniuliza chochote.

Sasa lazima niseme habari za Mama na kula. Kwetu, ukiwa na ugomvi na mtu, huli chakula chake. Atakukaribisha, utakaa, utamsalimia kwa heshima zote, lakini hutakula. Ukila umesema yameisha, na huwezi kuamka kesho ukayaanza upya. Siku hizi watu wanakula kwa adui na kufuta midomo, lakini Mama hakuwa hivyo. Nikiwa mdogo alikosana na jirani juu ya mbuzi walioingia kwenye kiboma cha ndama. Tukaalikwa kwa huyo jirani kwenye sherehe ya tohara. Mama akapewa sahani ya wali na nyama, akaiweka magotini mchana kutwa mpaka mafuta yakaganda, jioni akairudisha nzima na kusema ashe oleng, asante sana, kama mtu aliyeshiba. Siku waliyopatana alikwenda mwenyewe asubuhi kwa yule jirani akaomba chai. Akanywa mbili.

Na ukija kwake, utajua uko kwake. Mama alikuwa na mkono mzito wa chumvi. Supu yake, ugali wake, hata maharagwe, vyote alivitia chumvi kama anayewalambisha ng'ombe. Wageni walikunywa maji mengi na wasiseme kitu.

Mwaka ule ninaousimulia, kilichobaki cha Baba kilikuwa kipande kimoja. Ndipo lilipokuwa boma, bwawa dogo, na nyumba ambayo Mama aliijenga kwa mikono yake, kwanza ya udongo na samadi kama wanavyojenga wanawake wa kwetu, baadaye akaivalisha mabati. Baba alitaka kukiuza. Alisema tutahamia huko Ewuaso Kedong, tupate eneo kubwa, ng'ombe wapumue, tuondokane na hizi kelele za mawe na saruji. Si kwamba hoja yake ilikuwa ya kipumbavu. Lakini alisema vivyo hivyo alipouza vile vingine, na hatukuwahi kuona ng'ombe yeyote akipumua. Mama alimjibu mara moja tu: yeye nyumba yake haihami.

Baba angemnyamazisha, kama kawaida, isipokuwa kwa jambo moja. Ardhi ya namna ile, yenye nyumba ya familia, haikuuzwa mpaka bodi ya ardhi iketi Kajiado, na bodi ilitaka kumsikia mke akisema kwa mdomo wake kwamba amekubali. Neno la Mama, ambalo nyumbani halikumzuia hata mbuzi, kule Kajiado lilikuwa kufuli.

Aliyekuwa akitafuta ufunguo ni broka. Sitamsema kwa jina, hastahili. Alikuwa kijana wa kwetu, mtoto wa mzee wa rika moja na Baba, kwa hiyo alimwita Mama "Yeyo" kama mimi nilivyomwita, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mgeni akikunyang'anya, basi, ni mgeni. Huyu alijua kila kitu chetu na alikitumia. Alivaa jaketi la ngozi hata jua likiwaka, akatembea na simu mbili wakati wengi wetu hatukuwa na hata moja. Miezi yote ile alimletea Mama sukari na majani ya chai, na Mama aliviacha pale pale kwenye kizingiti mpaka mchwa na sisimizi wakajihudumia. Mtu wa mbali angedhani ni dharau ya mama mzee. Yeye alielewa vizuri sana: mpaka Mama ale chake, jibu ni hapana.

Siku moja kabla ya bodi kuketi alikuja kwangu, akasimama mlangoni akichezea funguo za gari.

"Dada, ile hoteli ya Wachina unaenda, iko wazi leo?"

"Si Wachina."

"Hao wote ni wamoja. Nataka kupeleka wazee lunch. Hata wewe kuja, Yeyo amekataa kwenda bila wewe."

"Na hoteli zote za nyama zimejaa?"

Akacheka. Kwenye hoteli ya nyama, Mama angekuta shangazi na majirani, angepata nguvu ya kukaa na sahani magotini. Kwenye nyumba ya ugeni, mbele ya watu asiowajua, mumewe akila, angeona haya kuwa peke yake. Broka alikuwa amepanga vizuri. Nikafunga mlango wangu kwa kishindo, nikaenda.

Mama alikuwa amevaa shuka lake jema na shanga zote. Mwenye hoteli alimwamkia kwa kuinama kidogo, viganja vimekutana, na Mama akamjibu kwa Kimaa kwa sababu ndiyo salamu aliyokuwa nayo: "Takwenya." Yule mama, ambaye alishazoea kuwasikia akina mama wa kwetu wanaouza maziwa, akaitika vile inavyotakiwa, "Iko." Mama akamtazama upya, kutoka kitambaani mpaka miguuni.

Tukakaa wanne meza moja. Sikuwa nimewahi kuwaona Baba na Mama wakila meza moja maishani mwangu. Nyumbani Baba alikula na wazee wenzake, sisi tukala baadaye. Broka akaagiza bila kumwuliza mtu, akataka ile sahani kubwa ya bei ya juu kabisa. Mimi niliagiza chai yangu na nikailipa pale pale, kabla hajapata nafasi ya kujitia ukarimu.

Sahani zikaja. Tambi zilikuwa mlima mwekundu unaotoa mvuke, na juu yake wamelala kamba, wale wadudu wa baharini, miguu yao yote, ndevu zao zote. Mama aliinamisha kichwa akaangalia kwa muda mrefu.

"Hii iko na macho," akasema.

"Ni ya bahari, Yeyo. Ndio chakula ya wakubwa. Kula."

"Na hii ingine nimeonanga kwa tumbo ya mbuzi. Ile mbuzi inakufa."

Nilikunywa chai yangu kwa raha.

Baba hakuwa na la kufanya ila kula, kwa kuwa mpango wote ulitegemea mdomo wake. Alijaribu uma, tambi zikateleza. Akajaribu kuzikunja, zikakunjuka. Mwishowe akainama, akavuta. Sasa, Baba aling'olewa meno mawili ya chini ya mbele akiwa mtoto, kama wazee wote wa rika lake, na tambi zilipata pale mlango wao. Alizifungia mdomo, zikachungulia katika pengo. Alizirudisha kwa kidole, zikatoka tena. Mzee aliyesimama mbele ya mabaraza na watu wakanyamaza, leo anachezewa na unga na maji mbele ya mke wake. Lakini aliendelea, na nikaona kwa uchungu kwamba zilimpendeza. Alilamba mchuzi mweusi kwenye sharubu. Mama alimtazama mara moja, kisha akatazama picha ya mpunga ukutani na hakutoa macho pale.

Chakula chake kikapoa. Broka akambembeleza, akamwita mama mzazi, akamkumbusha jinsi alivyomnywesha maziwa utotoni. Hayo yalikuwa kweli, na ndiyo maana nilitamani kummwagia chai. Mama akajibu kwa adabu kila neno na hakugusa uma. Baba akaanza kununa. Hapo simu moja ya broka ikalia, akatazama, akasimama haraka.

"Ni tajiri mwenyewe, yule ananunua shamba. Mzee, kuja nje, network ya hapa ni mbaya. Anataka kusikia sauti yako."

Wakatoka wote wawili, wakasimama barabarani upande wa pili, broka ameziba sikio moja kwa kidole.

Mwenye hoteli alikuwa akitutazama kutoka jikoni muda wote. Nadhani kwao pia, mgeni kukaa mbele ya chakula asile ni jambo la kumnyima mwenye nyumba usingizi. Akaja, akaangalia ile sahani, akaangalia uso wa Mama, akawaelekezea kamba kidole na kutikisa kichwa kuuliza. Mama naye akatikisa kichwa. Yule mama akachukua sahani akaenda nayo, na aliporudi alikuwa na bakuli la udongo, la zamani, limepasuka kidogo ukingoni, si lile la wateja. Ndani kulikuwa na supu nyepesi ya mbuzi, vipande vya nyama kwenye mfupa, na tambi chache zimelala chini. Harufu ya mbuzi Mama aliijua.

Hakugusa bado. Akauliza, "Hii chakula ni ya nani?"

"Ya mimi," akasema yule mama, akajipiga kifua kwa kiganja. "Mimi pika ya nyumba. Mimi na mzee kula jioni."

"Si ya ile kijana?"

"Hapana. Hiyo ya kijana iko jikoni. Hii hapana lipa. Wewe kula, mama."

Mama akanawa mikono, akala. Alivuta tambi polepole kwa vidole, akashangaa, akacheka kidogo, akala nyama, akanywa supu, na mwisho akaomba chumvi.

Broka alipoingia na kuuona mdomo wa Mama ukitembea, uso wake uling'aa mpaka nikatamani kufumba macho. Alimgonga Baba begani.

"Yeyo amekula. Mzee, imeisha."

Baba akaketi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mama akaendelea kunyonya mfupa. Na mimi damu ilinichemka. Nilikuwa nimemsikia akiuliza chakula ni cha nani, lakini Mama huuliza hivyo kila mahali, hata kanisani, na mimi sikuwa nimewaza zaidi ya pale. Nilichokiona ni mama yangu, aliyeshinda miezi yote ile, ameshindwa na bakuli moja. Jioni ile nilimsindikiza mpaka bomani na sikumsemesha njia nzima. Alipoingia ndani alisema tu, "Kesho vaa viatu ngumu. Kajiado iko na mawe," na mimi nikampa kisogo.

Kajiado tulifika mapema, tukakaa kwenye benchi nje ya ofisi pamoja na familia nyingine, kila moja ikijifanya haioni nyingine. Baba alivaa koti lake la arusi za watu. Broka alizunguka akisalimia kila mtu kana kwamba ni arusi yake. Tulipoitwa ndani, mwenyekiti, mtu mtaratibu mwenye miwani, alimwuliza Baba maswali yake, kisha akamgeukia Mama. Akamwuliza kwa Kiswahili, na mzee mmoja wa bodi akarudia kwa Kimaa ili pasiwe na kisingizio: je, anakubali ardhi hii iuzwe?

"Hapana," Mama akasema.

Baba aligeuka akamtazama kama amesikia mbwa akisema. Broka akasahau alipo.

"Yeyo! Si ulikula jana?"

"Nilikula ya nani?"

"Ya mimi! Kwa hoteli! Mbele ya mzee!"

"Yako ilikuwa na macho, ikarudi jikoni. Enda uulize." Mama hakupandisha sauti hata kidogo. "Mimi nilikula ya ile mama ya hoteli. Kwa bakuli yake ya nyumba. Na mimi na yeye hatuna maneno."

Yule mzee wa bodi alianza kucheka kabla hajamaliza kumtafsiria mwenyekiti. Wenzake wakafuata. Mwenyekiti alisubiri kicheko kiishe, akasema mke amekataa, na familia inayofuata iingie. Nilitoka nje nikijizuia kurukaruka. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha chafu kama ile, ya kumwona mtu amevuliwa nguo na kitu kile kile alichokishika kutuvulia sisi. Nilimwangalia broka akienda kwenye gari lake bila kutuaga na nikamwombea mabaya yote, na sijayafuta maombi hayo mpaka leo.

Tulirudi na basi. Baba alikaa mbele, sisi nyuma. Jioni Mama alimpikia kama kawaida, nikampelekea sahani mwenyewe. Akaitazama, akaisukuma kwa ncha ya fimbo mpaka mlangoni.

Ndipo nilipokumbuka kwamba sheria ile haikuwa ya Mama peke yake.

Tangu siku hiyo Baba hakula chakula cha Mama. Waliishi boma moja, walisalimiana, alimwuliza habari za ng'ombe naye akamjibu, lakini chakula hapana. Asubuhi alikunywa maziwa kwa ndugu yake. Na mchana, jamani, alitembea mpaka Kitengela, kwenye ile hoteli, akala tambi. Alizipenda tangu siku ile ya broka. Mbuzi wake walipungua mmoja mmoja, na kila mtu alijua wanapita wapi. Nikiingia pale Jumamosi namkuta kwenye meza ya mlangoni, fimbo imeegemea ukuta, tambi zinachungulia katika pengo lake. Mimi nakaa meza ya mbali. Sikumsalimu. Naye alikuwa hodari wa kutoniona. Angeweza kumtazama nzi aliyekaa begani kwangu na asinione mimi. Yule mama alitupikia wote wawili kutoka karai moja, akatuletea kila mtu kona yake, na uso wake ulionyesha wazi anatuona wagonjwa.

Mama naye hakukatisha urafiki wake. Kila wiki alimpelekea yule mama maziwa, wakakaa jikoni wakisemeshana kwa vidole. Alipitia mlango wa nyuma, kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa na Baba.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, miaka. Watu wakisikia wanacheka, na mimi ninapowasimulia nawaacha wacheke. Lakini kaa katika nyumba ambamo mwanamke anapika sahani ya mume kila jioni, anaiweka mlangoni mwake, na kila asubuhi anawamwagia mbwa, kisha uniambie kinachochekesha. Mama hakuacha kuipika hata siku moja. Nilimwambia aache. Aliniambia nishughulike na cherehani zangu.

Kisha miguu ya Baba ikavimba, akashindwa kutembea. Alilala kwenye kibanda chake akitoa amri. Aliniita, mimi ambaye hakuwa ameniona kwa miaka, akanitupia neno bila kunitazama.

"Leta tambi."

Nilitaka kumwambia azifuate kwa magoti. Mama, aliyekuwa nyuma yangu, akanifinya mkono mpaka nikatii. Kwa hiyo kila nikitoka kazini nilipitia hotelini, nikabeba tambi kwenye bakuli la plastiki lenye kifuniko, nikampelekea, nikakaa nje mpaka amalize. Hakusema asante, na mimi sikusema karibu.

Hayo yaliendelea mpaka viwanda vilipoanza kufunga. Kazi ya yule fundi ikaisha, wakafungasha. Mama alikwenda kuwaaga, akarudi amebeba karai jeusi kichwani, na ndani ya karai lile jiwe la kupondea pilipili. Aliliweka nje ya nyumba, akakaa mbele yake kwa muda.

"Baba hajui hoteli imefungwa," nikasema. "Kesho atakula nini?"

"Usimwambie. Nunua ile ya pakiti kwa supermarket."

Jioni iliyofuata Mama alipika. Alifanya kila kitu kama alivyoona miaka yote ile jikoni mwa mwenzake, vitunguu kwanza, moto mkali, mwiko ukigonga. Mbwa walikimbia. Akatia nyama ya mbuzi, akatia chumvi, akanipa bakuli lile lile la plastiki lenye kifuniko. Nilimwonya kwamba tukikamatwa, mzee atakufa na njaa kwa kiburi, na lawama itakuwa yetu. Akaniambia nipeleke zikiwa moto.

Nilipeleka. Safari hii sikukaa nje. Nilisimama mlangoni nikimwangalia Baba akifunua, akinusa, akiinama. Alivuta ya kwanza. Akatafuna kidogo, akaacha. Tambi moja ilikuwa imening'inia katika pengo lake na hakuihangaikia. Aliniangalia usoni, mara ya kwanza tangu Kajiado, na nilijua amejua. Nikajiandaa kuona bakuli likiruka.

"Mwambie mama yako apunguze chumvi," akasema.

Akainama tena, akala. Alikula zote, akainua bakuli akanywa mchuzi, akanirudishia likiwa tupu na kunigeuzia mgongo alale.

Mama alikuwa bado kando ya moto. Hakuuliza kitu mpaka alipoliona bakuli.

"Amekula?"

"Amekula zote. Yeyo, ulikaribia kutuumbua. Ile chumvi! Ameitambua mara moja."

"Nilitia makusudi," akasema. "Nilitaka ajue anakula ya nani."

Akachukua sahani yake, akajipakulia zilizobaki kwenye karai.